Kabu, ya kazi, skuta au ya porini: pikipiki ndogo gani ya kwenda nayo mbali?

Anayepanga kwenda mbali kwa pikipiki ndogo huanza na swali la sisi (cc), yaani ukubwa wa injini. 110 itafika? Nichukue 125, au nijikaze nifike 150? Swali hilo linapewa uzito kuliko linavyostahili. Kati ya 125 na 150 za aina moja, tofauti ni nguvu za farasi mbili au tatu tu. Ukishafunga hema na begi, ukakutana na upepo wa uso kwa uso, zote mbili zitakuwa zinahangaika kwenye kilomita 70 au 80 kwa saa. Mambo ya kuuliza ni mengine: tanki linabeba kiasi gani, tairi la nyuma linatoka vipi, mzigo unakaa wapi, na ikizima mahali pasipo na mtu, nani ataweza kuifungua. Majibu ya maswali hayo yanategemea aina ya pikipiki, na aina zenyewe ni nne.

Ya kwanza nitaiita kabu, kwa sababu mama yao wote ni Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958. Hakuna tanki kati ya magoti, unapitisha mguu mbele ya kiti, klachi inajishika na kujiachia yenyewe, na gia unazikanyaga tu. Ya pili ni ya kazi, yaani ile pikipiki ya kawaida ya 125 hadi 150 ambayo nusu ya dunia inabebea abiria na magunia: Honda CG125 na CB125F, Yamaha YBR125, Suzuki GN125, Bajaj Boxer, TVS HLX. Ya tatu ni skuta isiyo na gia, inayokwenda kwa mkanda, mfano Honda PCX au Yamaha NMAX. Ya nne ni ya porini: imeinuka, tairi la mbele ni kubwa, madigadi yako juu, mfano Honda XR150L au Yamaha XTZ125.

Kwamba pikipiki za namna hii zinafika, hakuna haja ya kubishana. Nathan Millward aliondoka Sydney mwaka 2009 na Honda CT110, jamii ya kabu ya sisi 105 waliyokuwa wakiitumia wapeleka barua wa Australia, akaenda nayo mpaka London. Mwandishi Mwingereza Simon Gandolfi alikuwa ameshavuka miaka 70 alipoendesha Honda ya kazi ya 125 kutoka Mexico hadi ncha ya kusini kabisa ya Amerika Kusini. Zote zitafika. Kinachobaki ni kujua ipi itakusumbua kidogo zaidi kwenye njia uliyoichagua wewe.

Njia kwanza, pikipiki baadaye

Nguvu inayohitajika kupasua hewa haipandi sawa na mwendo. Ukitoka 60 kwenda 80, hewa peke yake inadai nguvu zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana anayeongeza sisi 25 akidhani atapaa hukuta ameongeza kilomita tano au kumi kwa saa, na matumizi ya mafuta juu yake. Kwa hiyo mwendo wako umeshapangwa kabla hujaingia dukani, nao ni kati ya 60 na 75 kwa muda mrefu bila kuitesa injini. Ukihesabu vituo vya mafuta, chakula na kujinyoosha mgongo, siku moja ya safari ni kilomita 200 hadi 300. Anayepanga 500 kila siku anunue pikipiki kubwa.

Sasa chukua mwendo huo uupeleke kwenye barabara kuu yenye malori yanayokwenda 90. Kila lori linakujia kwa nyuma, na kazi yako ya siku nzima inakuwa kuchungulia saiti mira. Kuna nchi ambazo hata hutaruhusiwa kuingia: Japani, pikipiki ya sisi 125 au chini yake haingii kwenye barabara za mwendo kasi, na Vietnam barabara za aina hiyo zimefungwa kwa pikipiki zote. Pikipiki ndogo inakupeleka kwenye barabara za zamani, zinazopita katikati ya miji na kuzunguka milima badala ya kuitoboa. Huko haipotezi kitu, maana hata mwenye sisi 1000 anakwenda 60.

Kwenye barabara ya zamani yenye lami nzuri, skuta ndiyo inayostarehesha kuliko zote. Ina kioo cha mbele, haina kelele, miguu imekingwa na mvua, na mkono wa kushoto hauna klachi ya kukamua siku nzima. Ya kazi inafuata kwa karibu. Ya porini inakuja mwisho hapa, kwa sababu umekaa wima kama bango na upepo wote ni wako, na tairi zake za meno zinanguruma kwenye lami na kulika upesi.

Lami ikiisha, mpangilio unageuka juu chini. Gurudumu la skuta lina inchi 13 au 14. Shimo ambalo gurudumu la inchi 17 au 18 la kabu au la ya kazi linalipita kwa mshtuko, la skuta linatumbukia. Zaidi ya hapo, kwenye skuta huwezi kusimama. Kwenye pikipiki nyingine, ukiona tuta au korongo, unainuka kidogo, magoti yanapokea mshtuko, pikipiki inacheza chini yako. Kwenye skuta miguu iko mbele na makalio yamebaki kitini, hivyo kila pigo linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Kilomita 20 za changarawe unavumilia. Kilomita 200 ni adhabu.

Kabu ina jambo lake kwenye barabara mbovu ambalo watu hawalitegemei. Ni nyepesi, uzito uko chini, na ukikwama kwenye matope unashuka na kuisukuma huku ukiishikia gesi, bila kuhangaika na klachi. Shokomzoba zake ni fupi, kwa hiyo hutakimbia. Lakini kwa mwendo wa pole inapita mahali ambapo ya kazi iliyopakiwa itakuangusha.

Mlima

Hapa ndipo pikipiki ndogo zinapoachana. Injini inayovuta hewa ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Injini ya farasi 10 kwenye usawa wa bahari inabaki na kama saba ukifika mita 3,000, na wewe na mizigo yako hamjapungua hata kilo moja.

Ikiwa ina kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, kuna la ziada. Hewa inakuwa nyepesi lakini kabureta inaendelea kumimina petroli ileile, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inaota masizi meusi, na pikipiki inakohoa kila ukifungua gesi. Dawa ya muda ni kuishusha ile sindano ya kabureta kwa notchi moja, au kuweka jeti, yaani kitundu cha kupitishia petroli, iliyo ndogo zaidi, kisha kurudisha ukishateremka. Injini yenye mfumo wa kielektroniki wa kuingiza mafuta hujirekebisha yenyewe. Kama njia yako inapita zaidi ya mita 2,500 kwa siku kadhaa, hii ndiyo sababu moja ya nguvu ya kuchagua pikipiki mpya badala ya kongwe unayoipenda.

Halafu kuna gia. Kabu ina gia nne, na pengo kati ya ya pili na ya tatu ni kubwa. Kwenye mlima mrefu utajikuta katikati: ya tatu inazidiwa, injini inadunda taratibu na kutetemeka, ya pili inapiga kelele kwa kilomita 30 kwa saa. Chagua kelele. Injini ndogo haiogopi kuzunguka haraka ikiwa ina oili, ila kuilazimisha ivute mzigo kwa mizunguko ya chini ndiko kunakoichemsha. Nyingi za kazi zina gia tano, na hiyo moja ya ziada inaziba lile pengo. Ya porini nayo ina gia tano, na kwa kawaida zimepangwa fupi, kwa hiyo inapanda kwa subira bila kunung'unika.

Mwenye mnyororo ana ujanja mwingine wa bei ndogo. Toa sproketi ya mbele, ile gia inayovuta mnyororo, yenye meno 15, weka ya 14. Umepunguza mwendo wa juu kwa karibu asilimia saba, mwendo ambao kwa mzigo wako usingeufikia hata hivyo, na kila gia imepata nguvu kiasi hichohicho. Kwa safari ya milimani hicho ndicho kifaa cha kwanza ningenunua, kabla ya begi, kabla ya kioo cha mbele. Kwenye skuta kuna namna ya kubadilisha vile vigurudumu vya uzito ndani ya puli ya mbele, lakini si kazi ya kufanyia kando ya barabara.

Skuta yenyewe inapanda vizuri kuliko sifa yake. Mkanda unajichagulia uwiano, injini inabaki kwenye mizunguko yake mizuri, wewe unashika gesi tu. Kinachochoka ni mkanda. Mlima mrefu, mwendo mdogo, mzigo mwingi, joto ndani ya boksi lile lililofungwa: hapo umri wa mkanda unakatika upesi. Watengenezaji wengi hutaja kilomita 20,000 na kitu za kuubadilisha, lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayezunguka mjini peke yake.

Na mteremko? Ya kazi na ya porini unaziweka gia ya pili au ya tatu, injini inazuia, breki unazigusa tu kwenye kona. Kabu vilevile, mradi usiiachie kwenye gia ya juu. Skuta ndiyo ya kuangaliwa. Ukiachia gesi kabisa na mwendo ukashuka sana, klachi yake inaachia, na kuanzia hapo unaserereka bure huku breki peke yake zikifanya kazi yote. Kwenye mteremko mrefu, kabla klachi haijaachia, gusa gesi kidogo ili ibaki imeshika. Breki ya drum ikishapata moto unaibana na haishiki. Ukisikia harufu, simama na uziache zipoe.

Tanki

Hili halihitaji maneno mengi, hesabu inajisemea. Super Cub C125 ya sasa ina tanki la lita 3.7. Inakula kidogo ajabu, chini ya lita mbili kwa kilomita 100 hata ukiwa na mzigo, lakini bado utakuwa unatafuta kituo kila kilomita 180 hivi. Ndugu yake CT125 ina lita 5.3. PCX ina kama lita nane, NMAX saba na kidogo. CB125F ya sasa ina lita 11, YBR125 ilikuwa na 13, na kwa matumizi ya lita mbili hadi mbili na robo kwa kilomita 100 hiyo ni siku nzima na nusu bila kufungua kifuniko. Za porini nyingi zina zaidi ya lita 10, ila zinakula kidogo zaidi.

Anayechagua kabu kwa safari ya mbali abebe chupa ya chuma ya lita mbili iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli. Chupa ya plastiki ya maji haifai: inalainika, inavuja, na iko karibu na eksozi.

Pancha

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu karibu kila safari ndefu inapata pancha, na karibu kila pancha ni ya nyuma, kwenye mzigo.

Chukua kwanza rimu za spoki zenye tyubu, ambazo utazikuta kwenye ya porini, kwenye CT125 na kwenye nyingi za kazi. Msumari umeingia, tairi limelala. Unashusha mzigo, unasimamisha pikipiki kwa stendi ya kati kama inayo. Za porini nyingi hazina, kwa hiyo unatafuta jiwe au kipande cha gogo cha kuweka chini ya injini. Unafungua nati ya ekseli, unalegeza vidhibiti vya mnyororo, unafungua fimbo ya breki, gurudumu linatoka. Kwenye kabu za zamani kuna jambo la kumshukuru aliyelibuni: sproketi ya nyuma inabaki pale pale pamoja na mnyororo wake, gurudumu linachomoka peke yake. Hushiki grisi, na hupimi upya ulegevu wa mnyororo.

Sasa tairi. Toa pini ya valvu, kanyaga ukingo wa tairi uachane na rimu pande zote mbili. Siri ya kutotokwa na jasho ni kwamba katikati ya rimu pana bonde. Upande ulio mkabala na mahali unapoingiza pao (chuma cha kubandulia tairi), sukuma ukingo wa tairi kwa magoti uingie kwenye bonde hilo. Hapo tu ndipo upande wa pili unapopata nafasi ya kupanda juu ya rimu. Anayetumia nguvu bila kulitafuta bonde anapinda rimu au anakata tyubu. Ukishatoa tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima. Mwiba uliokutoboa bado upo, nao utatoboa tena kabla hujafika popote. Kwangua tyubu kwa msasa, paka gundi, isubiri mpaka ukiigusa isinate, ndipo uweke kiraka na ukigandamize. Kabla ya kuirudisha, ijaze upepo kidogo ishike umbo, la sivyo pao litaibana. Mtu mzoefu anatumia nusu saa. Mtu wa mara ya kwanza, kwenye jua, saa moja na matusi.

Tairi lisilo na tyubu, lililopo kwenye skuta, kwenye C125 na kwenye za kazi zenye rimu za kumimina, zisizo na spoki, ni habari nyingine kabisa. Gurudumu halitoki. Unachomoa msumari, unapanua tundu kwa kile chuma cha kukwaruza, unasukuma uzi wa mpira wenye gundi, unakata unaochomoza nje, unajaza upepo. Dakika kumi, na mzigo hujaushusha. Kwa upande huu skuta inazishinda nyingi.

Lakini uliza swali la pili: tairi likipasuka ubavuni? Hapo uzi hausaidii, gurudumu lazima litoke. Kwenye skuta nyingi, kutoa gurudumu la nyuma kunamaanisha kufungua eksozi kwanza, na kwenye baadhi pia mkono wa kulia unaolishika gurudumu. Tena vipimo vya tairi la skuta havipatikani kila duka. Tairi la inchi 17 au 18 la pikipiki ya kazi utalikuta hata mahali panapouzwa sabuni na misumari. Hapo ndipo pikipiki ya kazi inaponivuta.

Mzigo na kiti

Kitabu cha pikipiki kinataja uzito wa juu inaoruhusiwa kubeba, na uzito huo unajumuisha na wewe. Kwa nyingi za ukubwa huu ni kati ya kilo 130 na 180. Mtu wa kilo 85 mwenye koti, buti na helmeti ameshakula zaidi ya nusu.

Mahali mzigo unapokaa ni muhimu kuliko kilo zake. Kitu kizito kikiwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kuyumba ukivuka 60. Ya kazi inashinda hapa: kiti chake ni kirefu, begi unaliweka mara moja nyuma ya mgongo wako, mbele ya ekseli, na mabegi ya pembeni yananing'inia chini. Hakikisha tu la upande wa eksozi lina chuma cha kulikinga. Kabu ina karia imara, lakini karia hiyo iko nyuma na juu, kwa hiyo weka vyepesi huko: hema, nguo, godoro la kulalia. Vizito, yaani spana na maji, viweke pale wazi kati ya kiti na usukani. Skuta ina uwazi chini ya kiti, unaofungwa kwa ufunguo, hautoti mvua. Kwa mtu anayelala vyumbani na asiyebeba hema hiyo pekee inaweza kumaliza mjadala.

Ya porini ndiyo yenye shida. Kiti kiko juu, zaidi ya sentimita 80 kutoka ardhini, mabegi yanapanda juu pamoja nacho, na mtu mfupi akisimama kwenye mteremko mguu haufiki chini. Na kiti chenyewe ni chembamba. Kimetengenezwa kwa mtu anayesimama nusu ya muda. Kwenye lami, baada ya saa mbili, utakuwa umeegemea paja moja, kisha jingine. Weka ngozi ya kondoo au mto wa hewa, au ukubali kushuka kila saa.

Fundi

Honda walipoitoa CG125 miaka ya 1970 waliipa kwa makusudi injini ya fimbo za kusukuma valvu, teknolojia iliyokuwa imeshapitwa, kwa sababu walijua pikipiki hizo zitapakizwa kupita kiasi na oili itachelewa kubadilishwa. Wazo hilo ndilo lililozaa ukoo mzima wa pikipiki za kazi. Injini zake zimenakiliwa na viwanda vingi hivi kwamba fundi wa kijijini anaifungua bila kuuliza. Kebo ya klachi, plagi, mnyororo, viatu vya breki, vyote unaweza kupata ndani ya siku moja karibu popote watu wanapoishi. Kabu nayo ina heshima hiyohiyo: kufikia mwaka 2017 Honda walikuwa wameshatengeneza milioni 100 za ukoo wa Super Cub. Ila hizi mpya, C125 na CT125, zina vipuri vyao ambavyo si vya kabu ya babu.

Skuta inahitaji fundi wa skuta. Si kwamba inaharibika ovyo, la. Ikiharibika, mkanda, puli na klachi vinataka vifaa maalumu vya kushikilia wakati wa kufungua, na mtu asiyevijua anaweza kuacha hali mbaya kuliko alivyoikuta. Ukienda nayo mbali, weka mkanda mpya kabla ya kuondoka, na ule wa zamani, kama haujapasuka, ubebe chini ya kiti.

Watu wengi bado wanaogopa mfumo wa kielektroniki wa mafuta. Hofu hiyo imepita wakati wake. Kinachoua mifumo hiyo ni petroli chafu na betri iliyochoka. Kwa hiyo chujio jipya kabla ya safari, betri mpya kama iliyopo ina miaka mitatu, na uchague yenye kiki kama inapatikana, ukijua kwamba kwenye nyingi kiki haisaidii betri ikiwa imekufa kabisa, kwa sababu pampu ya mafuta inahitaji umeme.

Kwa aina zote nne, oili ndiyo uhai. Injini hizi zinabeba lita moja hivi, wakati mwingine pungufu. Nusu lita ikiungua bila wewe kujua, umebaki na nusu ya oili yote. Pima kila asubuhi kabla ya kuwasha, pikipiki ikiwa wima, na kwa safari ya mzigo na joto badilisha kila kilomita 2,000 hata kama kitabu kinakuruhusu zaidi. Mnyororo upake mafuta kila kilomita 500, mara tu unapofika unapolala, ungali moto, yaingie ndani usiku kucha. Kabu na za kazi zenye boksi la kufunika mnyororo zinakusamehe zaidi kwa hili. Ya porini, yenye mnyororo wazi kwenye vumbi, haisamehi.

Mpakani

Kwa anayevuka nchi, kuna jambo linalosahaulika. Baadhi ya nchi hudai karneti, hati inayothibitisha kwamba pikipiki itaingia na kutoka bila kuuzwa, na dhamana yake hukadiriwa kwa thamani ya chombo. Pikipiki ya bei ndogo inakupunguzia fedha zinazolala kwenye dhamana hiyo. Hapa ya kazi iliyotumika inazishinda zote, na skuta mpya ya kifahari inakuja mwisho.

Ipi basi

Kwa mtu asiyejua njia itakuwaje, ambaye anabeba hema, anayetaka kutengenezewa mahali popote, ningemwambia achukue ya kazi ya 125 au 150, yenye rimu zisizo na tyubu kama ipo, breki ya diski mbele, na sproketi ya meno pungufu kama kuna milima. Haina mvuto wowote kwenye picha, na hilo nalo lina faida: hakuna anayeitamani ukiiacha nje.

Lami mwanzo hadi mwisho, kulala vyumbani, umri umesogea au goti linauma: skuta, bila kusitasita. Vumbi kuliko lami, miguu mirefu, mzigo mdogo: ya porini. Kabu ni ya mtu anayejijua kwamba hana haraka hata kidogo, anayesimama kila anapoona kitu, na ambaye njia yake ina vituo vya mafuta vya karibu. Asiye na uhakika kama yeye ni mtu wa namna hiyo, aende nayo kwanza mwisho wa juma mmoja, kilomita 250 kwenda na 250 kurudi, na mzigo wote aliopanga kuubeba.

Mkiwa wawili, hesabu yote inabadilika. Baadhi ya kabu mpya zinakuja na kiti cha mtu mmoja, na ya porini itamchosha wa nyuma kabla ya chakula cha mchana. Zinabaki mbili. Kwenye tambarare, skuta ya 150 au 160 ina kiti kipana na mahali pazuri pa kuweka miguu ya abiria. Kwenye milima, ya kazi ya 150, mzigo ukatwe nusu, upepo wa tairi la nyuma uongezwe kufikia kiwango cha watu wawili kilichoandikwa kwenye kibandiko cha kifuniko cha mnyororo au kwenye kitabu, na shokomzoba za nyuma zikazwe notchi ya mwisho kabla hamjapanda, si baada ya kusikia zinagonga.